Mmembeba Nani?

Nchi ninayoisema haimo kwenye ramani. Wenyewe wanaeleza kwamba ramani ilichorwa bila kuomba kibali, kwa hiyo wakakataa kuonekana. Ukiona inafanana na kwenu, usinilaumu. Mimi kwenu sijafika.

Nchi hiyo ilikuwa na uwanja mmoja wa ndege, njia moja ya kurukia na mnara mmoja, na ndani ya mnara alikaa mwanamke mmoja aitwaye Mwantumu. Waongoza ndege wengine walikuwapo, lakini walikuwa nje ya nchi masomoni, wakijifunza kuongoza ndege, na kwa kuwa posho ya masomo ilikuwa nzuri hawakuonyesha dalili ya kuhitimu.

Kazi ya Mwantumu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ndege tatu zikija kwa pamoja haziwezi kutua kwa pamoja. Mtu mmoja aliye chini, anayeziona zote, anasema: wewe tua, wewe zunguka juu ya ziwa, wewe panda kidogo umwachie mwenzako nafasi. Marubani wanatii hata kama sababu hawaijui, na kwa hiyo hakuna anayemgonga mwenziwe. Ni kazi ya mama mwenye watoto wengi na sufuria moja. Wakati wa kupakua haangalii nani mkubwa wala nani anapiga kelele. Anaangalia nani ana homa, nani hajala tangu jana, na nani akingoja kidogo hatakufa.

Mwantumu naye aliangalia mambo mawili tu: nani ana mafuta kidogo na nani ana mtu mahututi. Kwa utaratibu huo duni, ambao haukuwahi kuzinduliwa na kiongozi yeyote, ndege zilitua salama miaka na miaka. Kosa hilo lilipogunduliwa lilirekebishwa haraka.

*

Aliyeligundua ni Waziri wa Anga mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Lugendo Pazia. Alikuwa anarudi kutoka kwenye mkutano wa kupanga mikutano. Ndege yake ilipokaribia uwanja, Mwantumu alimwambia rubani azunguke kidogo, kwa sababu kulikuwa na ndege ya mizigo iliyokuwa inamaliza mafuta. Waziri akazungushwa. Kupitia dirishani akaiona hiyo ndege ya mizigo ikitua, ikifunguliwa, na ikitolewa makasha yenye matundu.

Alipokanyaga ardhi aliuliza, "Nani yule aliyenitangulia?"

Wasaidizi wakaangalia viatu vyao. Mmoja, aliyekuwa karibu na kustaafu, akasema, "Vifaranga, Mheshimiwa."

"Vifaranga vya nani?"

Lilikuwa swali la busara. Vingekuwa vya Rais, jambo lingeishia pale. Lakini vilikuwa vya mfugaji tu, mjane mmoja wa pembeni mwa mji, tena alikuwa amekuja kuvipokea kwa baiskeli.

Waziri akapanda mnarani kwa miguu yake, ngazi zote, jambo lililotangazwa baadaye kwenye taarifa ya habari. Akaonyeshwa rada. Akaitazama kwa muda, akagusa nukta moja kwa kidole.

"Mimi nilikuwa ipi?"

"Nukta kama hiyo, Mheshimiwa," akasema Mwantumu.

"Na vifaranga?"

"Nukta kama hiyo."

Waziri akakaa kwenye kiti cha Mwantumu, naye Mwantumu akabaki amesimama huku ndege mbili zikimwita masikioni.

"Mashine hii haina adabu," Waziri akasema taratibu, kama daktari anayetoa majibu ya vipimo. "Waziri nukta, kifaranga nukta. Halafu tunashangaa watoto wetu wameharibika."

*

Sheria ya Heshima Angani ilipitishwa asubuhi na jioni ikaanza kutumika. Waziri aliizindua chini ya mnara, mbele ya wananchi walioletwa kwa malori ili waje kwa hiari yao.

"Ndugu zangu," alisema, "usalama ni nini? Usalama ni kila mtu kukaa mahali pake. Ndege zinagongana kwa nini? Kwa sababu ndogo haimjui mkubwa wake. Ikimjua, itampisha. Ikimpisha, hawatagongana. Wenzetu wa nje wanapanga ndege kwa kimo na kasi, kwa sababu wao hawakulelewa. Sisi tutazipanga kwa malezi."

Wananchi wakapiga makofi, maana malezi ni kitu chema na malori yalikuwa hayajawashwa.

Tangu siku hiyo, swali la kwanza kutoka mnarani halikuwa tena "Mko wapi?" wala "Mna mafuta kiasi gani?" Likawa "Mmembeba nani?" Ndege yenye mtu mwenye cheo kikubwa ndiyo iliyotua kwanza. Vyeo vikilingana, wakatazama umri. Umri ukilingana, wakatazama nani ana mke mkali.

Tena ikawa mwiko kumwamrisha Mheshimiwa. Zamani Mwantumu alisema "geuka kushoto" na ndege ikageuka. Sasa alitakiwa kusema: "Shikamooni huko juu. Habari za safari? Na nyumbani mmewaacha salama? Tunaomba radhi kwa usumbufu, na kama haitakuwa dharau, mngetusaidia mkageuka kidogo upande wa kushoto." Salamu zilipoisha, ndege ilikuwa imeshaupita huo upande wa kushoto, na Mwantumu alianza upya kuomba ule wa kulia.

Ili mambo yasilegee, Mkuu wa Itifaki, Mzee Kinyasi, alihamia mnarani na kiti chake, chupa yake ya chai na darubini. Mzee Kinyasi alikuwa amepanga viti vya shughuli za serikali maisha yake yote. Alijua nani asikae karibu na nani, na mazishini alijua nani alie kabla ya nani. Ndege hakuzijua, lakini hakuona tofauti. Vile vifaa vya kuvaa masikioni alivikataa kwa sababu vilimkunjia kofia. Basi alisikia maneno ya Mwantumu tu, na yaliyobaki akauliza.

"Nani huyo, mwanangu?"

"Katibu Mkuu, mzee, na mkewe."

"Na huyo wa mbele yake?"

"Naibu wake. Ila naibu mafuta yanamwishia, mzee."

"Naibu anajua kungoja," akasema Mzee Kinyasi, akimimina chai. "Ndiyo maana ni naibu."

*

Wenye makampuni ya ndege ni wafanyabiashara, hawana muda wa kununa. Walipoona ndege yenye mkubwa ndiyo inayotua, wakatafuta wakubwa. Ndege ya mboga ikamchukua balozi mstaafu, ikamkalisha katikati ya matenga ya mchicha, akawa anasafiri nayo asubuhi na jioni akisoma gazeti. Kampuni ya mitumba ikapata meya wa zamani, mzee anayekoroma, lakini cheo hakikoromi. Wazee waliokuwa wamesahauliwa hata na watoto wao wakaanza kupigiwa simu na kuulizwa kama wanapenda kukaa dirishani.

Wakubwa wa kweli wakaona wanafananishwa na mchicha. Wakaongezewa vyeo. Akawapo Mheshimiwa, akawapo Mheshimiwa Sana, na juu yake Mheshimiwa Sana Hasa. Mwaka haukwisha, angani hakukuwa na mtu wa kawaida hata mmoja, isipokuwa wagonjwa.

Wagonjwa walikuwa na kindege chao kiitwacho Chiriku. Rubani wake alikuwa Kapteni Mhando, mtu wa maneno machache na jasho jingi, na nesi wake alikuwa Asteria. Kiliwaleta mjini kutoka wilaya za mbali, ambako hospitali zilikuwa bado kwenye jiwe la msingi. Walioandika sheria hawakuwapa wagonjwa cheo chochote, na nataka nieleweke, haikuwa roho mbaya. Walikaa, wakafikiri kwa dhati, wakashindwa kumkumbuka hata mtu mmoja mwenye cheo aliyewahi kuugua ndani ya nchi. Wenye vyeo waliugua nje. Kwa hiyo wagonjwa wakawekwa pamoja na mizigo mingineyo, baada ya mboga, kwa kuwa mboga zilikuwa na balozi.

Chiriku ikazoea kuzunguka. Waziri alisema hewa ya juu ni safi na kuna wagonjwa inawafaa. Huenda. Wengine walitua wakiwa hawana haraka tena.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua limechomoza vizuri na anga imejaa waheshimiwa. Balozi alikuwa juu na mchicha wake. Meya alikuwa nyuma yake. Mheshimiwa Sana mmoja alikuwa anarudi kutoka harusi ya mpwa wa Waziri, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na zulia jekundu la taifa, lililoazimwa kwa ajili ya maharusi.

"Mnara, hapa Chiriku," Kapteni Mhando akaita. "Dada Mwantumu, leo sina muda."

"Nakusikia, Chiriku. Mmembeba nani?"

"Mama mjamzito kutoka Mbugani. Damu haikatiki."

Sauti ya mwanamke ikaingia bila kubisha. "Dada, ni mimi Asteria. Nguo zimeniishia huku. Nimevua gauni langu nikalikunja, nalo limeloa. Nimebaki na shimizi. Mkituzungusha leo, nitakuletea maiti mbili."

Mwantumu alikuwa amezaa mara tatu, na ile ya tatu alipona kwa sababu jirani alikuwa na gari na gari lilikuwa na mafuta. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Anaitwa nani?"

"Siwema Mtoro. Mpishi wa shule. Anauliza nani atapika uji wa saa nne."

"Nani huyo, mwanangu?" Mzee Kinyasi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Mwantumu hakugeuka. "Mheshimiwa Siwema Mtoro, mzee."

"Mheshimiwa wa wapi? Mbona mimi simfahamu?"

"Ni Mjumbe Maalumu."

"Wa nani?"

"Hiyo ni siri, mzee."

Mzee Kinyasi akaweka kikombe chini. Lazima ujue kwamba katika nchi ile jambo linalojulikana lilikuwa jambo dogo. Bei ya chumvi ilijulikana. Umri wa Rais ulikuwa siri, ugonjwa wake ulikuwa siri, na sababu ya umeme kukatika ilikuwa siri iliyolindwa na jeshi. Mtu aliyekuja kwa siri hakuwa na wa kumzidi. Mzee akafunga vifungo vya koti.

"Wapishe wote," akasema.

Mwantumu akavuta kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ipite hakumwomba mtu radhi.

"Mchicha, panda. Meya, baki nyuma ya mchicha. Wa harusini, nenda kazunguke ziwani. Chiriku, njia yako, tua."

Marubani walikuwa wameikosa sauti ile. Wakatii kabla hawajakumbuka kwamba wametukanwa. Mchicha ukapanda, harusi ikaenda ziwani, anga ikafunguka kama pazia, na Chiriku ikashuka ikiyumba kidogo, ikagusa lami.

"Tumefika, Siwema," Asteria alikuwa anasema, kipaza sauti kikiwa bado wazi. "Usilale. Tumefika, mama."

Gari la wagonjwa lilikuwa getini, limewashwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kutoka mnarani Mwantumu aliweza kuona shuka zilizoanikwa kwenye uzio wa wodi ya wazazi. Ingekuwa nchi nyingine, ningeishia hapa tukaenda kupika.

*

Alipogeuka, alimwona Mzee Kinyasi na simu sikioni.

"Ndiyo, Waziri. Maalumu kabisa. Ametua sasa hivi. Hapana, hakuna aliyearifiwa, ndivyo anavyokuja mtu wa namna hiyo. Ndiyo. Hateremki mpaka ufike."

Askari wa gwaride wakatoka mbio, wakaizunguka Chiriku palepale iliposimama, katikati ya njia ya kurukia. Kapteni Mhando akafungua mlango. Askari mmoja akausukuma ukajifunga, kwa upole, akapiga saluti.

"Bado, Mheshimiwa."

Mhando akaufungua tena. "Kuna mtu anakufa humu ndani."

"Bado, Mheshimiwa. Hujapokelewa."

Gari la wagonjwa likarudishwa nyuma ya jengo. Kuliweka mbele ya mgeni mkubwa ni uchuro, sawa na kumtandikia jamvi la matanga. Hapo ndipo wakakumbuka zulia. Zulia lilikuwa kwenye ndege ya harusini, inayozunguka ziwani. Ndege ya harusini haikuweza kutua, kwa sababu Chiriku ilikuwa katikati ya njia. Chiriku haikuweza kusogezwa, kwa sababu Mjumbe alikuwa bado ndani. Mjumbe hakuweza kutoka, kwa sababu zulia lilikuwa ziwani. Kila ofisa aliyeelezwa jambo hili alitikisa kichwa na kukubali kwamba utaratibu umefuatwa.

Mwantumu akavua vya masikioni, akapiga magoti mbele ya Mzee Kinyasi.

"Mzee, nimedanganya. Huyo si mheshimiwa. Ni mpishi wa shule, anajifungua, damu inamwisha. Nifungeni mimi, lakini waambie wafungue mlango."

Mzee Kinyasi akamtazama kama baba anayetazama cheti cha mtoto aliyefaulu.

"Mpishi wa shule," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Wamemficha vizuri. Mimi nimepokea watu wa siri wengi. Mmoja alikuja kama fundi wa majokofu, na kweli alitengeneza jokofu la Ikulu. Lakini mpishi, tena na mimba." Akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Wajanja hawa."

"Naapa kwa wanangu."

"Ndivyo mlivyofundishwa kuapa. Inuka, mwanangu, usiseme zaidi. Umeshasema mengi kuliko unavyoruhusiwa."

Waziri akafika, na ngoma ikafika nyuma yake. Badala ya zulia, kantini ikatoa vitambaa vyekundu vya meza, akina mama wa kantini wakavishona vikiwa vimetandazwa chini, na pale palipokuwa na doa la mchuzi akasimamishwa askari. Vitambaa viliposhonwa vyote, Waziri akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akakohoa.

"Mheshimiwa Mjumbe Maalumu. Hatujui umekuja kwa nini, na hatutauliza. Nchi hii ina sifa ya kupokea wageni. Najua una haraka, kwa hiyo sitakuwa na mengi. Nina mambo machache tu, kumi na mawili. La kwanza ni amani."

La kwanza likafuatwa na la pili. Mwantumu alikuwa amevaa tena vya masikioni. Alimsikia Asteria akihesabu pumzi, akiomba, akitukana, kisha akiomba tena. Mlango ulisukumwa kutoka ndani, ukasukumwa kutoka nje, saluti ikapigwa. Waziri alikuwa kwenye la saba, ambalo ni umwagiliaji, kilio cha kitoto kilipotoka ndani ya ndege, chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mjumbe ametuitikia," Waziri akasema, na makofi yakapigwa.

"Wa kiume," Asteria akasema redioni. "Yuko hai."

Mwantumu akafunga macho. "Na mama yake?"

Chini, Waziri akaingia la nane, akamaliza, akaingia la tisa.

"Dada Mwantumu," sauti ya Asteria ikarudi, sasa imetulia kabisa. "Mwambie huyo baba anayehutubia aendelee tu. Hatuna haraka tena."

*

Serikali haiwezi kuwa imemhutubia mpishi wa shule mambo kumi na mawili. Basi Siwema akabaki Mheshimiwa. Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Waziri akatangaza kwamba Mjumbe amefariki akiwa kazini na kwamba kazi yenyewe itaendelezwa. Akazikwa kwa mizinga.

Mama yake Siwema aliletwa kutoka Mbugani, akakalishwa safu ya tatu, kwa sababu safu mbili za mbele zilikuwa za wafiwa wenye vyeo. Baada ya maziko alimwendea Mzee Kinyasi.

"Baba, nimeambiwa mwanangu alipokelewa."

"Na Waziri mwenyewe, mama."

"Kwa ngoma?"

"Kwa ngoma na zulia."

Bibi yule akamtazama sana. "Sisi kwetu mtu akifika mgonjwa, tunampokea mzigo," akasema. Akampakata mjukuu, akarudi Mbugani, akampa jina la Masumbuko.

Mwantumu alikwenda kukiri katika ofisi tatu. Ya kwanza ikampongeza kwa kutunza siri. Ya pili ikampa nishani. Kwenye ya tatu alikwenda kuirudisha nishani, akaambiwa kwamba hata hilo ni sehemu ya utaalamu wake. Aliomba aache kazi, wakamkumbusha kwamba wenzake bado wanasoma. Ana watoto watatu na wanakula kila siku. Akarudi mnarani.

Kisha Bunge likaamua taifa lisimsahau Mjumbe. Ikawekwa sikukuu, kila mwaka siku ileile, na katika sikukuu hiyo anga nzima ifungwe kwa heshima yake, ndege yoyote isitue wala kuruka, mpaka hotuba ya mwisho iishe.

*

Mwaka ukazunguka. Asubuhi ya sikukuu anga ilikuwa tupu, safi, kama sahani iliyooshwa. Pembeni mwa uwanja zulia jekundu lilikuwa limekunjwa tayari, la kweli safari hii, na askari wamejipanga. Gari la wagonjwa lilikuwa limehamishwa tangu jana, lisilete uchuro. Waziri alikuwa jukwaani na karatasi zake. Mambo yalikuwa yameongezeka yakawa kumi na manane.

"Mnara, hapa Chiriku."

Mwantumu alishtuka. "Kapteni, leo anga imefungwa. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Nimekuja hivyohivyo. Dada, ni mtoto wa Siwema. Kifua kimembana tangu jana. Anavuta pumzi kwa mbavu."

"Mbugani si walifunguliwa hospitali?"

"Ilifunguliwa, ikapigwa picha, ikafungwa. Asteria yuko naye hapa."

Na Mwantumu akamsikia. Pumzi ya mtoto mdogo inayokwaruza ina sauti ambayo mama haisahau, kama msumeno mdogo kwenye mti mbichi.

"Mafuta yako?"

"Mafuta yanatosha. Mtoto ndiye hatoshi." Mhando akashusha sauti, kama mtu anayeona aibu kwa anachouliza. "Huyu ana cheo, dada. Ni mtoto wa Mjumbe. Tukitaje?"

Mwantumu akaangalia chini. Akaliona zulia, akawaona askari na mikono yao iliyooshwa vizuri kwa ajili ya saluti. Akaona tena akilini mlango ukifunguliwa kutoka ndani na kusukumwa kutoka nje. Akitaja cheo, Chiriku itatua sasa hivi na mtoto hatatoka. Asipotaja, Chiriku itazunguka mpaka jambo la kumi na nane, kwa heshima ya mama yake.

"Nani huyo, mwanangu?" Mzee Kinyasi akauliza. "Leo haruhusiwi mtu."

Mtu, alisema. Mwantumu akalishika neno hilo kama anayeshika ukingo wa kisima.

"Si mtu, mzee. Ni Chiriku, inarudi tupu. Haina mgonjwa, haina mheshimiwa, haina wa kupokewa. Sheria imezuia watu, haikuzuia ndege tupu. Naiteremsha kule mwisho wa njia, inaingia bandani, hata jukwaani hawataiona."

Mzee Kinyasi hakukataa. Alikuwa mtu wa haki, na hoja ilikuwa mpya. Akainua darubini, akakitafuta kile kindege juu ya ziwa, akakitazama kikimeta na kugeuka. Masikioni mwa Mwantumu msumeno ulikwaruza, ukakaa, ukakwaruza.

"Haina mtu kabisa?"

"Kabisa, mzee."

Mzee akashusha darubini. Akamimina chai vikombe viwili, kimoja akamsogezea Mwantumu, kwa kuwa alimpenda kama mwanawe.

"Basi haina haraka," akasema. "Iache izunguke."